Uliyemkuta Benchini Hukumkuta

Ofisi Kuu, Idara ya Ustawi
6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi. Nikianza tu kueleza jambo unasema, "Dada, mtandao unasumbua," na mtandao wa watu haujasumbua hata kidogo. Sasa mfuko wa barua za kampuni unakuja karakanani kwenu kila Jumatatu na dereva wa ofisi, tena bure, na barua huwezi kuikata katikati.

Unajua nilihamishiwa idara hii ya ustawi. Kampuni imeamua kuanzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi: mtu akifiwa, akiwa na ugomvi nyumbani kwake, akizidiwa na pombe, akivurugikiwa baada ya ajali, apate mtu wa kuzungumza naye bila kulipa. Nikapewa kazi ya kuandika kijitabu cha kuueleza mpango huo. Nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Kumbe nimeingizwa kwenye kamati.

Kamati yenyewe ni mateso. Yupo Mwanasheria wa kampuni, ambaye hawezi kusema "mtu" bila kuongeza "au mwakilishi wake". Yupo Mtaalamu, aliyeletwa kwa mkataba, anayevaa tai hata jua likiwa la kukaanga. Na yupo Meneja Utumishi, ambaye siku zote anakubaliana na aliyesema mwisho. Jana tumekaa kutwa nzima juu ya neno moja tu, yule anayekwenda kuzungumza aitwe nani. Mtaalamu anataka "mteja". Mwanasheria anataka "mnufaika". Nikasema tumwite mfanyakazi, kwa kuwa ndivyo alivyo. Wakaniangalia kama nimemwaga chai kwenye mafaili.

Aliyeajiriwa kuwasikiliza watu ni mama mmoja aliyekuwa muuguzi miaka mingi, na akili zake ni timamu kuliko za kamati nzima. Wameamua aitwe "mnasihi". Hilo nalikubali, ni neno lenye heshima. Lakini kumpeleka mtu kwake kunaitwa "rufaa", mazungumzo ya mwanzo ni "tathmini ya awali", na kuwafariji watu baada ya ajali ni "uingiliaji kati wa dharura". Nikiuliza nani ataelewa, naambiwa hiyo ndiyo istilahi ya kitaaluma, kana kwamba istilahi ndiyo itakayokwenda kulia kwa mnasihi.

Nisaidie, mdogo wangu. Wewe unashinda na watu wenyewe. Wakati wa chai wajaribishie maneno haya uniambie wanasemaje. Muulize na yule rafiki yako wa kwenye kreni, ambaye unasema kwake neno hutoka kwa kibali.

Dada yako

*

Karakana ya Vyuma
14 Februari

Dada mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeipata ikinuka vitunguu, nadhani dereva aliibeba pamoja na chakula chake cha mchana. Nimefanya ulivyonituma, na nakuonya mapema usije ukalia.

"Rufaa" wote walijua ni hospitali kubwa. Mzee wa stoo akasema hajaugua kiasi hicho na hataki kutabiriwa. "Uingiliaji kati" hapa ni kazi ya yule anayekwenda kuamulia ugomvi akarudi na jicho limevimba. Na "mteja" ndilo lililovunja watu mbavu. Unamkumbuka Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, yule aliyecheza mpaka kiatu kikatoka kwenye harusi yangu? Alisimama juu ya boksi akaiga sauti ya yule dada wa kwenye simu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tangu siku hiyo akitumwa kitu asichokitaka anajibu hivyo hivyo, hata bosi kamjibu.

Mwewe, huyo rafiki yangu wa kreni, alikunywa chai yake kimya mpaka kengele ikalia. Alipokuwa anavaa glavu ndipo akauliza, "Bosi atajua?" Akapanda ngazi kwenda juu bila kungoja jibu. Sasa hilo wewe lichukue, naona lina uzito kuliko yote.

Unajua kazi yetu sisi wawili. Yeye yuko juu kwenye kibanda, haoni chini ya mzigo wake. Mimi niko chini, namwonyesha kwa mikono: pandisha, shusha, kushoto, taratibu. Hamtazami mtu mwingine. Meneja mwenyewe akipunga mkono, Mwewe hamwoni. Wakitoa ishara watu wawili, mtu anakufa. Ishara moja tu ndiyo ruhusa kwa kila mtu, hata mfagiaji: kiganja juu, simama.

Ushauri wangu ni huu, acheni istilahi. Chapeni bango lenye picha ya mtu anashusha mzigo, muandike "Tua mzigo", basi. Sisi ni watu wa mizigo, tutaelewa. Na usinilipe, nitajilipa kwa vitafunio vya mikutano yenu.

Mdogo wako, Mikono

*

Ofisi Kuu
11 Machi

Mdogo wangu,

Mfuko wa barua unarudi mtupu wiki baada ya wiki. Umenuna au umeishiwa wino? Simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Kwenye mkutano walitaja kwamba kuna "tukio" limetokea huko karakanani, wakasema taratibu zinafuatwa, wakaenda kwenye ajenda inayofuata. Nilimpigia wifi, akaniambia uko mzima ila kazi nyingi, na sauti yake ilikuwa ya kuniondoa mlangoni. Basi nimetulia, lakini sijaridhika.

Habari njema ni kwamba maneno yako yamepita. "Tua mzigo." Meneja Utumishi alikubali mara moja, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema mwisho. Mabango yamechapwa makubwa, ya rangi, na yanakuja kwenu na mfuko huu huu.

Habari mbaya ni siri. Swali la rafiki yako nimeliweka mbele ya kamati kama lilivyo. Nimeandika: "Utakayomwambia mnasihi ni siri, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini." Mwanasheria kaikata mkia, kaandika: "isipokuwa pale itakapoonekana inafaa." Nikamuuliza, itakapoonekana na nani? Akajibu, na mwenye mamlaka. Nikamwambia hiyo si siri, ni tangazo lililocheleweshwa. Tangu hapo hanipi salamu kwenye korido.

Kuna sentensi nyingine nimeiandika kwa ajili ya benchi la nje ya mlango wa mnasihi, maana karakana ni ndogo na kila mtu anamjua mwenzake mpaka soksi. Inasema: "Uliyemkuta benchini hukumkuta." Mtaalamu analalamika kwamba haina istilahi hata moja. Ndiyo nimeipenda.

Andika, japo mistari miwili.

Dada yako

*

Karakana ya Vyuma
25 Machi

Dada, shikamoo.

Hilo tukio ni Cheche. Amekufa.

Tulikuwa tunashusha boriti. Cheche alikuwa amekwishatoka eneo lile, akarudi kufuata miwani yake ya kuchomelea aliyoisahau kwenye benchi. Mnyororo ukakatika. Mimi nilikuwa nimetoa ishara ya kushusha. Ishara ilikuwa sahihi. Wakaguzi wameniita, wamemwita Mwewe, wameupima mnyororo, wakaandika kwamba pingili moja ilikuwa na ufa wa ndani ambao jicho haliwezi kuuona. Kwa hiyo ishara ilikuwa sahihi.

Wifi yako nilimkataza kukuambia. Nilitaka nikuandikie mwenyewe, na kila nikikaa sioni pa kuanzia.

Mabango yenu yalifika siku ya kwanza tuliporudi kazini kutoka mazishini. Mlinzi wa geti aliyabandika kama alivyoagizwa, moja likawa hatua chache tu kutoka pale. Mtu anatabasamu na mzigo unashuka. Nilisimama nikalitazama nikashindwa hata kukasirika. Mwewe aliyabandua yote, akayakunja vizuri kama shuka, akayarudisha getini. Sikulaumu, maneno nilitoa mimi. Lakini waambie hao wakubwa zako kwamba kabla ya kutuma kitu mahali, watu huuliza kwanza hali. Na neno "mteja" hapa halitamkwi tena wakati wa chai.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna mtu mmoja hapa halali. Akifumba macho anausikia ule mnyororo. Mkewe anadhani ameanza kuzurura, kumbe anakaa tu nje kwenye kizingiti. Kazini anafika, kazi anaifanya, na anayemtazama kwa mbali haoni kitu. Mimi naona. Huyo mnasihi wenu ameshafungua chumba hapa, nyuma ya zahanati, na hakuna aliyekanyaga, kwa sababu hatujui kilichomo. Mtu huyu anataka kwenda. Anauliza bosi atajua au hatajua, na kama wakijua watamwondoa kwenye kazi yake. Kazi yake ni ya cheti, Dada. Wakishaandika kwamba hafai, hakuna kampuni nyingine itakayomchukua, na ana watoto.

Nijibu kwa maneno ya watu. Mimi niko salama, usinihangaikie.

Mikono

*

Ofisi Kuu
1 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako mezani nikalia mbele ya Mtaalamu, akaniuliza kama nina msongo. Nikamwambia nina msiba. Mabango yaliyobaki nimeyafuata mwenyewe stoo ya huku na hakuna hata moja litakalotoka tena.

Jibu la mtu wako ni hili. Mlango wa mnasihi una njia mbili. Mtu akijipeleka mwenyewe, hakuna barua, hakuna jina, bosi haambiwi hata kama alifika. Lakini akipelekwa na bosi, kwa barua, bosi anarudishiwa jibu kwamba alikwenda au hakwenda, na jibu hilo linaingia kwenye faili lake. Hiyo ndiyo tofauti nzima, na nimeitolea jasho miezi miwili ili iandikwe waziwazi. Kwa hiyo aende mwenyewe, na aende kabla bosi hajaanza kumshangaa.

Sasa sikufichi. Ile sentensi ya siri bado iko kwa Mwanasheria. Kijitabu hakijachapwa. Nimewaambia kuna mtu halali usingizi anasubiri tumalize sentensi moja, wakataka kujua ni nani. Nimekataa. Mtaalamu kapendekeza tuliahirishe mpaka baada ya semina. Semina! Ningekuwa na nguvu ningemrushia kiti. Mnasihi mwenyewe nimezungumza naye, anasema yeye atanyamaza hata wafanye nini, na namwamini. Lakini kwa maandishi, mpaka leo, wanaweza kumtaka aseme "ikionekana inafaa".

Mwambie huyo mtu mmoja kwamba dada yake anampenda, hata awe nani.

Dada yako

*

Karakana ya Vyuma
15 Aprili

Dada,

Leo shikamoo utaisamehe, nimekasirika.

Kwa nini ulimpigia mke wangu? Nimekuandikia kwamba kuna mtu mmoja. Nimekuandikia kwamba mimi niko salama. Ukasoma, ukatikisa kichwa chako cha ofisini, ukaamua kwamba mtu mmoja ni mimi. Ukamwambia wifi yako amwangalie mumewe usiku, afiche vidonge, asimwache peke yake. Unajua kilichotokea baada ya hapo? Nikigeuka kitandani anawasha taa. Nikienda msalani anabisha hodi. Kampigia Mama, na Mama amefika na begi lake na dua zake, anakaa kwenye kiti kunitazama nikila, na nikimaliza ananiuliza kama nimemaliza kweli.

Hayo ningeyabeba. Lakini mke wangu ana hofu, na mwenye hofu hutafuta wa kumshika mkono. Akamweleza jirani, kwenye bomba la maji. Jirani mwenyewe ni mke wa Mwewe. Maana mtu mmoja ni Mwewe, Dada. Sasa najua sikupaswa kukuandikia hata nusu ya yale, lakini umeniacha na lipi? Habari ikamfikia imeshaota mikia: kwamba Ofisi Kuu inajua nani halali, kwamba inapiga simu kwa wake za watu. Alikuwa amekubali kwenda Jumanne. Jumanne akapanda kreni. Nilipomfuata akasema, "Mimi sina tatizo," akaniacha nimesimama chini ya ngazi.

Ungeniuliza. Neno moja tu, "Ni wewe?" Ningekujibu.

Nilikueleza utaratibu wetu. Anayetoa ishara ni mmoja. Wewe umekuja kutoka pembeni, hujui mzigo uko wapi, ukapunga mikono yote miwili. Kwa upendo, najua. Alhamisi iliyopita boriti zilikaa hewani juu ya uwanja, hazishuki wala hazipandi, mpaka mzee wa stoo akainua kiganja na watu wote wakakimbia pembeni. Hakuumia mtu. Lakini ikitokea tena, dhamana kwamba hataumia mtu unayo wewe? Mimi sina.

Usimwandikie Mwewe. Usimpigie mtu. Na Mama anauliza kama unakula.

Mikono

*

Karakana ya Vyuma
22 Aprili

Kwa Dada yake Mikono,

Salaam. Hatujaonana. Mimi ndiye wa kwenye kreni. Mdogo wako amenionyesha barua zako na yake ya mwisho kabla hajaituma, kwa sababu alisema hawezi kunificha tena kitu. Alikukataza kuniandikia, lakini mimi hakunikataza.

Nina swali moja tu. Jina langu umelisema mbele ya nani?

Aliyoandika kuhusu Alhamisi ni kweli, boriti zilikaa hewani. Mengine ya siku ile si yangu kuyasema.

Mwewe

*

Ofisi Kuu
29 Aprili

Ndugu Mwewe,

Pole kwa msiba wa rafiki yenu, na ahsante kwa kuniuliza mimi badala ya kuniulizia.

Jina lako sijalisema mbele ya mtu. Sikulijua mpaka mdogo wangu aliponiandikia kwa hasira, na tangu hapo halijatoka mdomoni mwangu. Nililolisema ni uongo niliodhani ni kweli, kuhusu mdogo wangu, kwa mkewe. Sikumsema ofisini. Lakini uongo wangu umekufikia na umekurudisha kutoka mlangoni, kwa hiyo kosa ni langu lote na sitaligawa na mtu.

Nataka ujue nililifanyia nini kosa hilo. Jumatano kamati ilikaa tena juu ya ile sentensi. Mwanasheria akaanza wimbo wake, kwamba kampuni inahitaji nafasi ya kutumia busara. Nilikuwa nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka na neno "busara", nimechoka na "mwenye mamlaka", nimechoka na Mtaalamu anayeandika kila kitu kwa kalamu za rangi. Nikasimama nikawaeleza kwamba kuna mtu karakanani aliniamini kwa jambo la mwenzake, na mimi nikaona inafaa kumpigia mtu simu. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa na mapenzi, tena mengi kuliko itakayokuwa nayo kampuni hii mpaka mwisho wa dunia. Na kwa simu hiyo moja mtu aliyekuwa anakwenda kupata msaada hakwenda, na mzigo ukakaa hewani juu ya vichwa vya watu. Nikamwambia Mwanasheria, "Mimi niliona inafaa. Sasa niambie wewe utaonaje vizuri kuliko mimi."

Alikunja karatasi yake, akasema kwamba kwa kuwa muda umekwenda hana pingamizi. Meneja Utumishi akakubaliana naye. Mtaalamu alitaka kuongeza neno "kiwewe" mahali fulani, nikamtazama akaacha.

Kijitabu kimechapwa na chako kimo ndani ya bahasha hii. Ukurasa wa pili. "Utakayomwambia mnasihi ni siri, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini." Nukta. Baada ya hapo hakuna kitu. Kazi yako haiguswi kwa kwenda kwako. Na mkiona na mnasihi kwamba unahitaji kukaa chini kwa muda, wewe ndiye utakayeomba, na cheti chako kinakungoja. Hilo liko ukurasa wa tatu, na Mwanasheria ameweka sahihi yake huku amenuna.

Ukiamua kwenda, usiniambie. Ukiamua kutokwenda, pia usiniambie. Mimi nimejifunza.

Dada yake Mikono

*

Karakana ya Vyuma
13 Mei

Kwa Dada yetu,

Umesema nisikuambie. Lakini siri ni yangu, na mwenyewe naruhusiwa kuitoa. Nilisoma ukurasa wa pili mpaka nikaona sioni mtego.

Nimekwenda. Yule mama hana haraka. Mara ya kwanza hakuuliza kitu, tulikaa tu, na mimi kukaa kimya najua. Mara ya pili nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwaka mzima, mke wangu akisikia hataamini. Nimeomba nikae chini wiki kadhaa, nafanya kazi stoo na mzee, na kreni inaendeshwa na mwenzetu wa zamu ya pili. Bosi aliuliza kwa nini, nikamwambia nimeomba. Akasema haya.

Jambo la pili. Siku ile ya kwanza nilifika kabla ya saa yangu, nikidhani nitakuwa peke yangu. Kwenye benchi palikuwa na mtu, naye akidhani atakuwa peke yake. Alikuwa ameikalia mikono yake. Tulitazamana. Nikakaa ubavuni pake, tukangoja, mlango ukafunguliwa akaingia yeye kwanza, kwa kuwa alitangulia.

Kijitabu chako kinasema uliyemkuta benchini hukumkuta. Basi mimi sikumkuta mtu. Nimeona tu nikuambie kwamba sentensi hiyo inafanya kazi, kwa kuwa nasikia waliitaka iondolewe.

Mwewe

*

Ofisi Kuu
20 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wifi, watoto wabusu. Natumaini hasira imepoa, na kama haijapoa ipe muda, unayo haki. Uliandika nilipaswa kukuuliza neno moja. Kweli. Mdomo ninao, ulimi ninao, na siku niliyouhitaji nikapiga simu kwa mtu mwingine. Nisamehe.

Mama amerudi kwangu na begi lake. Kasema kwenu kuna amani na watoto wana adabu, isipokuwa yule wa mwisho ambaye amejifunza kusema "mtandao unasumbua" akiitwa kuoga. Sijui kajifunza kwa nani. Amekuletea, yaani mimi nakuletea kupitia mfuko huu, lile shati la bluu ulilolisahau hapa tangu mwaka juzi. Nimelishona kifungo.

Kamati imevunjwa, Mungu ni mkubwa. Mtaalamu amemaliza mkataba wake na kunikabidhi kalamu za rangi kama urithi. Mwanasheria leo amenisalimia kwenye korido. Sikuwahi kudhani nitaifurahia salamu ya mtu yule, lakini nimeifurahia. Wamenipa kijitabu kingine, cha usalama wa jikoni za kampuni, na tayari kuna mtu anataka kisu kiitwe "kifaa cha kukatia chenye makali".

Utaona kwamba barua hii haina swali hata moja. Nimeyaandika pembeni nikayafuta yote. Unavyonijua, hiyo imekuwa kazi nzito kuliko zote nilizowahi kufanya ofisi hii, na hakuna aliyenipandisha cheo kwa ajili yake.

Jana wifi alinipigia. Akaanza kwa furaha kuniambia habari zako, kwamba siku hizi usiku wewe... Nikamkatiza. Nikamwambia, "Wifi yangu, hayo ni yenu wawili, mimi niambie bei ya nyanya huko." Akacheka, akaniambia bei ya nyanya. Nilipokata simu nilikaa pale pale jikoni nikalia kwa furaha mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia nyanya zimeshuka bei.

Dada yako anayekupenda, ambaye hakumkuta mtu